Mlafi, Bi Harusi, Kesho

Tarehe 3 Machi

Kisiki,

Umekufa au umeoa? Ni hayo mawili tu yanayoweza kumfanya mtu mzima, mwenye mikono miwili na kalamu, akae kimya tangu mvua zilizopita bila kumwandikia aliyemlea. Ungekuwa umekufa, wangeniletea habari. Ungekuwa umeoa, ningeota ndoto mbaya. Basi ni uvivu, na uvivu hukuuokota nyumbani kwangu.

Haya, salamu. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, lakini umelalamika tangu hujazaliwa, nimeuzoea kama jirani mbaya. Mjomba wako goti limevimba tena. Anakaa mlangoni mguu juu ya ndoo, anatoa amri kama jemadari, na anayeamriwa ni mimi. Bomba la jikoni linavuja, nimelitegea sufuria. Taa ya ukumbini iliungua, sasa inawaka. Mbuzi amebaki mmoja, kizee, hana meno, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyameza.

Sasa neno lenyewe. Jana mke wa muuza magodoro, yule ambaye mdomo wake Mungu alisahau kuuwekea komeo, alinisimamisha njiani. "Pole na pua ya mjukuu wako." Pua ipi? Nikatikisa kichwa kama ninayejua, na kumbe sijui. Mtoto nimlee mimi, pua yake nisimuliwe na mke wa muuza magodoro! Akaongeza kwamba siku hizi wewe ni nahodha wa timu ya raga. Mchezo gani huo wa watu wazima kugombea mpira wenye umbo la yai? Hata mpira wenyewe ukianguka haujui uelekee wapi, wewe nahodha utajua?

Niandikie nani kakuvunja pua, na kwa nini. Na usinipigie simu. Ile uliyoniletea nimempa mjomba wako aitazamie saa. Maneno ya simu ukiyakana kesho, sina pa kukushikia. Barua naiweka chini ya godoro, na siku nikitaka kukuuliza nitakuuliza kwa mwandiko wako mwenyewe. Darasa la nne lilinitosha kwa kazi hiyo.

Bibi yako

*

Tarehe 21 Machi

Bibi mpenzi, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Mimi mzima, kazi ipo. Karakana yetu ya vioo imepata jengo refu la ofisi, tunakata na kupachika madirisha tangu asubuhi mpaka jioni. Mikono imejaa mikwaruzo. Mpe pole mjomba. Nani amepanda kubadilisha taa, Bibi? Usipande kiti, nakuomba.

Pua inapona. Niliumia katika mechi ya kirafiki ya kufungua msimu, tulipocheza na timu ya machimboni, wale wapasua mawe. Hakuna aliyekusudia. Kweli wamenichagua nahodha. Kocha wetu ni daktari wa meno, anafunga zahanati yake jioni na kuja uwanjani. Hatulipwi, sote tunacheza kwa mapenzi tu. Uwanja tumeazimwa na mwenye malori, na ametuambia wazi: tukimaliza msimu mkiani, tunatolewa kwenye ligi, na yeye anaegesha malori yake pale. Kwa hiyo msimu huu si wa mchezo.

Kuna jambo linaniumiza zaidi ya pua. Nikueleze. Katika raga, mpira ukitoka nje ya mstari, timu mbili hujipanga safu mbili, bega kwa bega. Mmoja anaurusha juu kati ya safu, na kila timu inamwinua mtu wake audake. Anayerusha hutangulia kuambiwa aurushe wapi, mbele, katikati au nyuma, kwa neno la siri. Kwetu mimi ndiye napaza sauti, na anayerusha ni rafiki yangu, tunamwita Fundi Bomba kwa sababu ndiyo kazi yake. Yeye ndiye aliyenipokea katika mji huu na kunilaza kwake nilipokuwa sina chumba.

Maneno ya siri niliyachagua mimi. Utacheka. Ni mbuzi wako. Nikiita "Mlafi," mpira unakwenda mbele, maana Mlafi alikuwa wa kwanza kuingia zizini akikimbilia pumba. "Bi Harusi" ni katikati, kwa sababu hakutembea ila amezungukwa. "Kesho" ni nyuma kabisa. Unamkumbuka Kesho? Tulikuwa tunafunga lango, tunafungua tena kwa ajili yake.

Sasa, machimboni walidaka kila mpira tuliourusha. Kila mmoja, Bibi. Nikiita Kesho, mrefu wao ameshasimama nyuma. Mtu anatuuza. Kocha anataka tubadilishe maneno, nimekataa: ukibadilisha kufuli mwizi humkamati. Nimeongeza mbuzi wa nne, ambaye mpira wake unapita juu ya wote na kuangukia nje ya safu, naukimbilia mimi mwenyewe. Nimemwambia Fundi Bomba peke yake. Siri hiyo ikivuja, nitajua imevujia wapi.

Usimwambie mtu.

Mjukuu wako,
Kisiki

*

Tarehe 2 Aprili

Kisiki, mume wangu mdogo uliyevunjika pua,

Marahaba. Barua imefika, ila mjomba wako aliipokea na kuikalia, si kwa ubaya, aliiweka chini ya ndoo ya mguu. Goti linashuka. Bomba la jikoni halishuki. Jirani wa nyuma amezaa mapacha, wanalia kwa zamu kama walinzi. Mbuzi kizee amekula kola ya shati la mjomba wako, kwa fizi tupu. Bidii hiyo ungekuwa nayo wewe katika kuandika barua!

Taa usiulize. Imebadilishwa na mtu asiyehitaji kiti.

Nimecheka, sitakuficha. Nimecheka mpaka mjomba wako akauliza nani kafa. Mbuzi wangu wamekuwa siri ya serikali! Mlafi aliyekula mkeka wa kuazima leo anaitwa uwanjani na wanaume kumi na tano. Basi angalau umekumbuka ulikotoka.

Lakini sasa tuseme kweli. Huyo daktari wa meno simwamini. Mchana anang'oa meno, jioni anafundisha mchezo wa kung'oana meno. Ana faida pande zote mbili. Mwenye malori naye simwamini, mtu anayengoja mfungwe ndipo aegeshe malori uwanjani, ungemuulizia yeye kwanza. Hata wewe sikuamini sana. Umeniandikia kurasa mbili, umemtaja daktari, umemtaja fundi, umetaja mbuzi mmoja mmoja kwa tabia zao, halafu mtu anayekushinda, anayedaka kila mpira, ukamwita "mrefu wao." Mrefu wao! Mbuzi ana jina, mtu hana?

Na huyo mbuzi wa nne ni yupi? Zizini kwangu walikuwa watatu na mmoja aliyekuwa mpole. Niandikie jina.

Ukimtegea rafiki mtego, tazama vizuri unategea wapi. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Sawa. Lakini vua nguo uitazame kwanza, usichome kabati.

Bibi yako

*

Tarehe 30 Aprili

Bibi, shikamoo.

Natumaini u mzima, na mjomba anatembea. Hongera kwa jirani. Huku joto limezidi, vioo vinawaka ukivigusa. Msimamizi ametuongezea ghorofa mbili, ndiyo maana nimechelewa kuandika.

Mtego umenasa. Ningefurahi, lakini sina furaha.

Jumamosi tulicheza na machimboni, safari hii mechi ya ligi, uwanjani kwetu. Tulikuwa tumebanwa karibu na mstari wetu. Nikaita mbuzi wa nne. Fundi Bomba akaurusha mpira vizuri, juu ya vichwa vyote, nikaanza kukimbia. Mrefu wao alikuwa ameshatoka kwenye safu kabla hata mpira haujaondoka mkononi. Aliudaka mbele yangu kama mtu anayechukua kofia yake ukutani. Wakafunga. Tukapoteza.

Siri hiyo tuliijua wawili, mimi na Fundi Bomba. Na si hilo tu. Mchezaji wetu mmoja, kinyozi, alimwona wiki iliyotangulia akitoka machimboni na begi lake la vifaa, akicheka na wachezaji wao. Niliitisha kikao kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nikamuuliza mbele ya wote. Akasema, "Mabomba yao ya bafuni yalipasuka. Nenda kayaone." Nikamwambia mabomba si jibu. Akasema, "Kisiki, wewe unaamini hivyo?" Akavua jezi, akaikunja vizuri, mikono ndani, kama inavyokunjwa dukani, akaiweka kwenye benchi na kuondoka na viatu vyake mkononi.

Tumemfukuza. Sasa mtaani wanamwita Msaliti. Nusu ya wateja wake walikuwa watu wa klabu na jamaa zao, hawamwiti tena. Nimemwona akipita na begi lake, hana haraka, kama mtu asiye na pa kwenda. Lakini ningefanya nini, Bibi? Siri tuliijua wawili.

Uliuliza kuhusu mrefu wao. Ni mtu tu.

Mjukuu wako,
Kisiki

*

Tarehe 9 Mei

Kisiki,

Sisi wazima, goti zima, mapacha wazima, mbuzi mzima. Salamu zimeisha.

"Ni mtu tu." Mimi nimeishi na watu muda mrefu kuliko wewe ulivyoishi na pua. Mtu akiniambia fulani ni mwizi, najua anamchukia. Akiniambia fulani ni malaika, najua anamdai. Lakini akiniambia fulani ni mtu tu, hapo nafunga mlango na kukaa naye, maana hapo kuna maiti chini ya kitanda.

Fundi bomba alionekana penye bomba. Ajabu kubwa! Ungemwona kwa kinyozi amebeba spana, hapo ungeshtuka. Alikwambia nenda kayaone. Ulikwenda? Hukuandika kwamba ulikwenda. Mimi nasoma pole pole, kidole juu ya mstari, kwa hiyo hata usichoandika nakikanyaga. Machimboni ni mbali gani na hapo unapolala? Mtu alikulaza chumbani kwake ulipokuwa huna pa kuweka kichwa, wewe kumwendea hata nusu ya njia umeshindwa?

Na kinyozi. Kinyozi alikuwa anatafuta nini machimboni? Mawe huota nywele siku hizi?

Sasa nijibu haya, na usinijibu kwa joto wala kwa ghorofa. Kwanza, mbuzi wa nne anaitwa nani. Nimeuliza mara moja, ukapita pembeni kama mwenye deni mbele ya duka. Pili, huyo mrefu akipita mlangoni anainama? Tatu, alipoudaka mpira alifanya nini? Watu huonyesha kitu wanaposhinda. Wengine hupiga kifua, wengine hutema mate. Yeye alifanyaje?

Mbona hukuwaambia wenzako siri hiyo wameijua watu wangapi tangu mwanzo? Hesabu tena. Anza na zizini.

Bibi yako

*

Tarehe 6 Juni

Bibi mpenzi, shikamoo.

Pole kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara kadhaa. Kazini kioo kimoja kikubwa kilinipasukia mkononi, si sana, nimeshonwa nyuzi chache. Mpe mjomba salamu zangu. Bomba la jikoni limetengenezwa?

Timu ni mbaya. Tumeacha mbuzi, sasa tunaita namba, na hakuna anayezikumbuka. Anayerusha badala ya Fundi Bomba ni mpwa wake kocha, anarusha kama anayemfukuza kuku. Lakini si hilo. Timu nyingine hazijui siri yetu yoyote, na zinatufunga vilevile. Hakuna anayempa mwenzake mpira. Kinyozi anadhani muuza rangi anamteta. Muuza rangi hataki kuvua nguo chumba kimoja na kinyozi. Wakiniona nakuja wananyamaza, sijui walikuwa wanasema nini. Jana nilimkuta kocha akipekua begi langu. Alisema alikuwa anatafuta bandeji. Labda alikuwa anatafuta bandeji.

Tuko mkiani. Imebaki mechi moja, tarehe 27 Julai, kwao machimboni. Tukishindwa, ligi basi na uwanja basi. Mwenye malori ameshakuja kupima kwa hatua zake.

Fundi Bomba nimekutana naye kwenye ngazi za jengo letu la ofisi. Amepata kibarua pale, anabeba mabomba ya watu wengine, hayafungi. Akanipisha nipite na kioo. Akasema, "Angalia kidole." Basi.

Mbuzi wa nne anaitwa Mjane.

Mrefu wao sikumtazama. Alicheka, nadhani. Sikumtazama.

Kisiki

*

Tarehe 15 Juni

Kisiki,

Nakusalimu kwa sababu nililelewa vizuri. Mjomba wako anatembea na fimbo, ameanza kugombana na majirani, ndiyo kusema amepona. Mapacha wamebadilishana zamu, sasa wanalia pamoja. Bomba la jikoni linavuja.

Mjane. Ndiyo.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kukaa na yule mbuzi kizee mpaka akachoka nami. Mimi sikuwahi kuwa na mbuzi anayeitwa Mjane. Nilikuwa na Mpole. Nilimwita Mpole kwa sababu mbele yangu alikuwa mpole. Jina la Mjane alilipata machungani, kwa sababu alikuwa akiruka uzio na kwenda kwa beberu wa watu, na waliompa jina hilo ni vijana wawili tu waliokuwa wakimkimbiza vichakani na kumrudisha kabla sijajua. Mlidhani sisikii. Nilisikia. Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa mnacheka pamoja, na nyumba yenye watoto wanaocheka pamoja haihitaji kujua kila kitu.

Kwa hiyo siri mliijua watatu, si wawili: wewe, Fundi Bomba, na mtoto wa mjomba wako.

Sasa nikwambie kitu nilichokuwa nimekunyima. Taa ya ukumbini aliibadilisha yeye, Mlingoti. Huja kwangu. Anapanga chumba huko machimboni, anaendesha mashine ya kupasulia mawe, na akipata nafasi anapanda basi anakuja, anainama mlangoni kama alivyoinama tangu alipoanza kurefuka, ananikata kuni, anaketi na baba yake wanatazama goti pamoja. Sikukuandikia kwa sababu tangu tulipomzika mama yako ulisema jina lake lisitajwe mbele yako. Sikulitaja. Nilikutii mimi, bibi yako, nikutii wewe! Nimejionea haya.

Jumapili iliyopita alikuja. Nikamuuliza tu, unacheza mpira? Akaanza kutabasamu kabla hajajibu. Sikiliza alivyosema, nimeyaandika alipokuwa bado jikoni anaosha vikombe, yasipotee.

"Bibi, Kisiki ameniita."

"Amekuita wapi?"

"Uwanjani. Sikujua hata kama anacheza kule. Tumepanga safu, mara nasikia sauti yake: Kesho! Nikasema huyu ananiambia mimi. Maana nani mwingine pale anamjua Kesho? Miguu ikaenda yenyewe, Bibi, ikaenda nyuma kule anakokaa Kesho. Nikaudaka. Nikacheka sana. Akaita Mlafi, nikaenda mbele. Nikasema, ndugu yangu ana kiburi, salamu hawezi kunipa, sasa ananisalimia kwa mbuzi."

"Ukamwendea mechi ilipokwisha?"

"Nilimngoja getini na begi langu. Alikuwa ameshika pua, wenzake wamemzunguka. Akapita akitazama viatu vyake. Nikasema, labda bado. Mara ya pili ndipo akaita Mjane. Mjane, Bibi! Nikajua sasa nimesamehewa kabisa. Nilikimbia kama tuko machungani. Nikangoja tena getini mpaka mlinzi akafunga. Labda alipitia mlango mwingine."

Nikamuuliza, wenzako machimboni uliwaambia nini? Akasema hakuwaambia kitu, mambo ya nyumbani huwaambii watu. Wao wanamfuata tu anakokwenda, kwa sababu ni mrefu.

Ndivyo alivyosema, mtu mzima huyo, na kitambaa cha vyombo mkononi. Hakukuibia siri, Kisiki. Ulisimama katikati ya uwanja ukapaza sauti ukimwita ndugu yako kwa majina ya nyumbani, naye akaitika. Kuna kijana gani duniani asingeitika?

Na sasa ndiyo nakukaripia, yale mengine yote yalikuwa salamu.

Wewe ulijua.

Usiniletee habari ya mtego na siri ya wawili. Mtu akisema hakutazama, ametazama. Ulikiona kile kimo, ukasikia kile kicheko ulicholala nacho chumba kimoja tangu meno ya utoto, na mwili wako ulijua siku ya kwanza nani kadaka mpira na kwa nini. Lakini ungelisema hilo, ingebidi uwaambie wenzako kwamba yule mrefu ni ndugu yako, nao wangekuuliza mbona hamsalimiani, nawe ungekuwa huna jibu. Ikawa rahisi zaidi kumtupa Fundi Bomba. Ulimnyang'anya mtu jina lake jema ili usilitaje jina la ndugu yako. Halafu ukaniandikia kuhusu joto.

Na hii si mara ya kwanza. Siku ya pili baada ya kumzika mama yako, Mlingoti alifika vumbi mpaka kwenye kope. Mama yako ndiye shangazi yake aliyemlea. Ukamsimamia mlangoni ukasema, "Umechelewa, wewe si wetu," ukafunga. Hukumuuliza kilichomchelewesha. Mimi nilimuuliza, nami najua, na sikwambii. Kamuulize mwenyewe. Wewe ni hodari wa kuhukumu, kuuliza umeshindwa. Kesho alikuwa mbuzi, na kila jioni ulimfungulia lango.

Ukiniandikia kwamba ni vigumu, sitaisoma. Mimi nilizika mtoto wangu na jioni ileile nikakukamulia maziwa unywe. Vigumu navijua kwa sura.

Basi fanya hivi.

Nenda kwa Fundi Bomba. Nenda mchana, watu wakiona, na uende na timu nzima, pamoja na kinyozi na huyo mng'oa meno. Wote walikuwepo alipovua jezi, basi wote wawepo akiivaa. Jezi uibebe wewe, mikononi, na usiifunike kwa gazeti kama mwenye kuiba. Umwambie mbele yao kwamba hakuuza kitu, kwamba aliyedaka ni ndugu yako wa damu, na kwamba wewe ulijua. Akikufukuza, kaa mlangoni kwake. Akikupiga, pua yako imeshazoea. Halafu kila mmoja wao aende nyumbani akatafute bomba linalovuja, na asiyekuwa nalo alipasue, amwite aje alitengeneze.

Tarehe 27 Julai, Fundi Bomba ndiye atakayerusha. Mshinde, mshindwe, mwenye malori alete malori yake, hilo ni lenu na mng'oa meno. Mimi langu ni getini. Mechi ikiisha, safari hii wewe ndiye usimame getini na begi lako, ungoje, mpaka yule anayeinama atoke. Umuulize swali moja tu, lile ambalo hukuuliza siku ile mlangoni. Kisha unyamaze, umsikilize mpaka mwisho.

Baada ya hapo mje kwangu wote watatu. Bomba la jikoni bado linavuja, na Mlingoti ameligusa mara mbili, kila akiligusa linazidi. Anahitajika mtu mwenye kazi yake.

Ukifika kwa Fundi Bomba usianze na salamu, usimuulize habari za nyumbani, wala usimzungukie kwa joto la vioo. Neno la kwanza litoke hili: "Nilijua." Barua hii ikunje, uitie mfukoni, uvae viatu, uende sasa.

Bibi yako